Usimuongezee Mgonjwa Dawa Kabla ya Kuuliza



Ndugu zangu katika imani, maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu baada ya tarawehe, nikaombwa niyaandike ili nawe msomaji yakufikie. Mimi ni mwanafunzi wa ufamasia. Wengi walitarajia nizungumzie vidonda vya tumbo au sukari. Lakini mimi nataka tumzungumzie mgonjwa ambaye pengine yuko nyumbani kwenu: aliyepandikizwa figo.

Ami yangu ni mmoja wao. Figo alipewa na dadake. Ramadhani moja alishikwa na kikohozi, akapita duka la dawa mtaani, akauziwa erithromaisini. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine, naye hakusema. Siku chache baadaye, wakati wa futari, tukaona kikombe cha uji kinatetemeka mkononi mwake. Sisi tukasema ni njaa tu. Kumbe wapi! Alipopimwa damu, ilionekana dawa yake ya figo imepanda kupita kiasi, na figo yenyewe imeanza kuumia. Alhamdulillah, aliwahiwa.

Sasa utauliza, dawa ya kikohozi na figo vimekutana wapi?

Mwili huiona figo ya mtu mwingine kuwa ni mgeni, na kinga yake huishambulia. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kupunguza kinga, kama takrolimasi au saiklosporini, na huzitumia maadamu figo ile inafanya kazi. Kipimo chake hakina nafasi ya kuchezea. Dawa ikipungua kwenye damu, mwili unaikataa figo. Ikizidi, dawa hiyo hiyo inaiumiza figo, inapandisha presha na kutetemesha mikono.

Dawa hizi mbili huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ini na utumbo. Kichukulie kama mlango wa kutokea dawa. Erithromaisini, klarithromaisini, na flukonazoli ya fangasi huuziba mlango, dawa ikarundikana. Rifampisini, dawa ya TB, huuacha wazi kabisa, dawa ikatoka kabla haijafanya kazi yake. Simaanishi mgonjwa asitibiwe TB, la hasha. Atibiwe, lakini daktari wake wa figo ajue, apime damu na kurekebisha kipimo.

Hebu tuje kwenye sinia ya futari. Balungi, liwe tunda au juisi, huuziba mlango ule ule. Danzi nalo si la kuaminiwa. Mgonjwa huyu ayaepuke yote mawili. Tende na madafu yana potasiamu nyingi, na takrolimasi na saiklosporini hupandisha potasiamu kwenye damu. Potasiamu ikizidi sana, moyo hudhurika. Kwa hivyo ni tende ngapi anaweza kula? Hilo aulize kliniki yake, kwa sababu linategemea vipimo vyake.

Na habasoda? Najua ina heshima yake katika Sunna, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini katika majaribio ya sungura, ilipunguza kiwango cha saiklosporini kwenye damu. Sungura si binadamu, lakini kwa aliyebeba figo ya dadake, hilo latosha kumfanya aulize kwanza. Mitishamba na vidonge vya kuongeza kinga navyo vivyo hivyo: yeye anatumia dawa ya kuituliza kinga, wewe unampa ya kuiamsha!

Maumivu ya kichwa je? Ibuprofeni na diklofenaki huibana figo, na pamoja na takrolimasi au saiklosporini madhara huzidi. Ukishiba futari ukapata kiungulia, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzuia mikofenoleti isiingie vizuri mwilini. Na anayetumia azathioprini, akiongezewa alopurinoli ya jongo bila kipimo kubadilishwa, uboho wake huweza kushindwa kutengeneza damu. Azathioprini hutumiwa pia na baadhi ya wagonjwa wa lupasi, kwa hivyo maneno haya si ya wenye figo peke yao.

Limebaki la saumu. Takrolimasi ya kawaida humezwa kila baada ya saa 12. Kwetu Kenya, toka daku hadi Magharibi ni zaidi ya saa 13, na mgonjwa anahitaji maji. Basi asijiamulie kufunga, wala asiruke dozi. Amuone daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha amuulize sheikh kuhusu kulipa au fidia. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Nasi tusimtazame kwa jicho la lawama.

Ewe kijana, nakupa kazi tatu. Andika majina ya dawa zote za mgonjwa wenu kwenye karatasi, aiweke mfukoni. Ukienda kumnunulia dawa yoyote, hata ya kikohozi, ionyeshe karatasi hiyo kabla ya kutoa pesa. Na ukiona mikono inatetemeka au mkojo umepungua, usiseme ni njaa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Dadake ami alitoa kiungo cha mwili wake. Sisi tunatakiwa kuuliza swali moja tu. Hivi hilo nalo litushinde?

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.