Michoro ya Wanafunzi Ipate Mahali Makumbushoni

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za sekondari za Garissa.)



Nimekuja kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni michoro ya wanafunzi. Nataka tufikiri pamoja kwa nini inafaa itundikwe makumbushoni, mahali ambapo watu watakuja kuitazama kwa heshima.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Mama yangu alikuwa na chombo cha maziwa, kile ambacho Wasomali hukiita dhiil, alichokisuka kwa mikono yake. Kilizungushiwa mistari ya rangi, na juu kilipambwa kwa kauri. Nilipokuwa mtoto nilikichora nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu alipouona mchoro huo aliichana karatasi, akanipiga viboko viwili kwa kupoteza wakati. Mwaka 1984 ukame uliiangamiza mifugo yetu, na mama akakiuza chombo kile kwa mgeni mpita njia kwa bei ya mfuko mdogo wa unga. Simlaumu hata kidogo, kwa maana unga huo tuliula. Lakini sasa mama amefariki, na binti zangu wakiniuliza kile chombo kilikuwaje, nashindwa kuwaambia kama mistari yake ilikuwa saba au tisa. Chombo kilikwenda na mchoro ukachanwa. Laiti karatasi ile ingalihifadhiwa, leo tungalikuwa nayo.

Basi, makumbusho ni nini? Watu wengi hudhani kuwa ni ghala la vitu vilivyokufa. Sivyo. Jirani zetu wa Lamu wanazo siwa mbili za kale katika makumbusho yao, moja ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na nyingine ya shaba ya Lamu. Mtoto wa Lamu akiziona hujua kwamba babu zake walikuwa mafundi hodari. Makumbusho ya Nairobi yalianza mwaka 1910, na leo Makumbusho ya Taifa yana matawi sehemu nyingi za nchi, hata Wajir, katika nchi yetu hii ya wafugaji.

Huko Nairobi zimo picha nyingi za watu wa makabila ya Kenya waliovaa mavazi yao ya kale. Zilichorwa na Bibi Joy Adamson, mgeni kutoka Ulaya, siku za utawala wa Kiingereza. Kazi yake ni nzuri, na tunamshukuru. Lakini mgeni huchora kile anachokiona akipita, na mwenye nyumba hukijua hata kilichofichwa nyuma ya pazia. Haifai tungoje daima mtu mwingine aje kutuchora.

Tena si jambo geni katika Afrika ya Mashariki wanafunzi kuonyesha kazi zao mbele ya watu. Katika miaka ya 1930 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko Makerere, naye baadaye aliongoza Makumbusho ya Uganda. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Makerere alikuwa Gregory Maloba, kijana wa Kenya, ambaye ndiye aliyefanya sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Mwingine aliyesoma huko ni Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyechora picha kubwa katika ukuta wa kanisa la Murang'a, kisha akashiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi mwaka 1965. Wote hao walikuwa wanafunzi kama hawa walioketi mbele yenu, na kazi zao zilipata watu wa kuzitazama.

Najua wako wazazi wacha Mungu wanaoona shaka juu ya kuchora viumbe wenye roho. Shaka hiyo ina heshima yake, wala sikuja kushindana na masheikh. Lakini tazameni wingi wa mambo yaliyo nje ya shaka hiyo: mwandiko mzuri wa Kiarabu, nakshi za hina, mikeka ya kuezekea aqal, kengele za mti zinazofungwa shingoni mwa ngamia, visima, na mto Tana wenyewe unapofurika na unapopungua. Mwanafunzi anaweza kuchora maisha yake yote asiyamalize.

Wengine husema, "Mchoro haujazi chungu." Ni kweli, wala sitawadanganya kwamba kila mchoraji atapata mshahara. Lakini jicho lililozoea kutazama vema humfaa fundi wa nyumba, mshoni, na hata daktari wa mifugo. Tena mtaala mpya wa Kenya umeweka njia tatu katika shule ya sekondari ya juu, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Mlango umefunguliwa, itakuwa aibu watoto wetu wakibaki nje kwa sababu sisi tuliona haya.

Sasa nitasema mashauri machache kwa wale watakaotayarisha maonyesho.

Kwanza, mwanafunzi aende kwa wazee, aombe ruhusa, aulize jina na matumizi ya kila kitu kabla ya kukichora. Mkeka una mwanamke aliyeusuka, na nakshi yake ina jina.

Pili, asingoje rangi za dukani. Makaa, udongo mwekundu na karatasi ya katoni vinatosha kwa kuanzia.

Tatu, mwalimu asishike kalamu ya mwanafunzi ili aupendezeshe mchoro. Watu waje kuona kazi ya mtoto, hata ikiwa na makosa.

Nne, chini ya kila mchoro pawe na karatasi ndogo yenye jina la mchoraji, shule yake, kitu kilichochorwa, na jina la mzee aliyekieleza.

Tano, michoro itundikwe usawa wa macho, mbali na jua, kwa maana jua la Garissa hula rangi upesi kuliko mchwa alavyo mti.

Sita, makumbusho yakitaka kuuweka mchoro, mapatano yaandikwe, na jina la mchoraji lisitenganishwe nao kamwe.

Ndugu zangu, tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Tangu siku ile wako watu wa mbali ambao wakilisikia jina la mji wetu hawakumbuki kitu kingine. Hatutaki msiba ule usahauliwe. Waliokufa wanastahili kukumbukwa. Lakini mji huu una mnada wa ng'ombe, una madaraja na misikiti, una akina mama wanaofukiza vyombo vya maziwa alfajiri. Nani atawaonyesha watu hayo, kama si watoto waliozaliwa humu?

Kwa hiyo nawaombeni, leo mkirudi nyumbani, fungueni daftari za watoto wenu. Mkikuta mchoro nyuma ya hesabu, msiuchane. Mwulizeni mtoto, "Hiki ni nini, na nani alikutengenezea?" Kisha uwekeni mahali pakavu, mpaka siku utakapopata ukuta.