Maana ya Neno Yubilei



Wapendwa Wakristo, nanyi walimu wa shule na wa vigango, neno Yubilei limeandikwa juu ya vitenge vyetu, juu ya mlango wa kanisa na juu ya kijitabu hiki. Walakini tukiulizwa maana yake, wengi twajibu: shangwe. Jibu hili si la uongo, ila ni nusu tu.

Asili yake ni Kiebrania, yobeli, yaani kondoo dume, tena pembe yake, tena baragumu la pembe hiyo. Wayunani walilipokea, na kwao likapita kwa Walatini. Basi katika Kilatini lilikuwako neno jingine, jubilare, maana yake kupiga kelele za furaha. Maneno haya hayakuwa ndugu, lakini kwa kuwa yalifanana sauti yakachanganywa. Waingereza walipolitwaa katika karne ya 14 na kulitamka jubilee, baragumu lilikuwa limekwisha kufichwa nyuma ya vigelegele.

Na baragumu hilo lilitangaza nini? Someni Mambo ya Walawi, sura ya 25. Miaka saba mara saba ni 49. Kisha, katika Siku ya Upatanisho, pembe yalia, na mwaka wa 50 watakaswa. Ndipo aliyejiuza kwa umaskini huenda huru, na shamba lililouzwa kwa shida humrudia mwenyewe. Hata bei yake ilipimwa kwa mavuno yaliyobaki mpaka mwaka ule, maana Mungu asema kwamba nchi ni yake. (Papa Bonifasi VIII alipotangaza Yubilei ya Roma mwaka 1300, aliwapa mahujaji rehema, habari za mashamba hazikutajwa.)

Wazee wa Rungwe wangalifahamu upesi kuliko sisi. Wanyakyusa walikuwa na ubusoka, mara moja katika kizazi. Baba waliwaachia wana utawala na nchi. Mioto yote ya zamani ikazimwa, moto mpya ukapekechwa, na kila nyumba ikatwaa humo. Hatusemi kwamba ni jambo moja, kwa kuwa katika ubusoka ardhi iliwaendea vijana, na katika Yubilei yamrudia maskini. Lakini mzee wa zamani asingalidhani kwamba sikukuu kubwa namna hii yaweza kupita, na mashamba yakakaa vile vile.

Kamati imekwisha kununua mchele na ng'ombe. Ni vema, nasi tutakula.

Ila sisi tunaosema haya tumeshika rehani migomba ya jirani yetu, kwa fedha aliyokopa kwetu mtoto wake alipougua. Mwaka wa tatu huu twala ndizi zake. Kwa hesabu ya Walawi deni limekwisha kulipwa zamani. Tulilijua hilo, tukanyamaza. Jumamosi, kabla ya Misa ya Yubilei, tutawaita wazee wa kigango, tumrudishie shamba mbele yao.