Ukumbi Ndani ya Gitaa



Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika Makumbusho ya Fogg, na mhadhiri hakueleweka humo. Neno likishatamkwa lilivuma kwa sekunde 5.5 hivi, likayafunika yaliyolifuata. Mwanafizikia kijana, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ukishatulia, alipuliza bomba la kinanda na kupima muda hadi sauti ipotee, kisha akaleta mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders na kupima tena. Akagundua kwamba mvumo hurefuka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hufupika kadiri vinavyoongezeka vitu vya kufyonza sauti.

Kitufe cha urefu kwenye kifaa cha rivabu cha gitaa, yaani kifaa cha kuongeza mvumo, kinatawala muda huohuo aliopima Sabine. Hapo ndipo wapiga gitaa wengi wanapopotea: wanarefusha mvumo wakitumaini kupanua ukumbi. Urefu pekee haujengi chumba. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, inakurudia baada ya milisekunde 29. Huisikii kama mwangwi, lakini sikio limekwisha kujua ukuta uko wapi. Milisekunde 80 za mwanzo ndizo zinazotueleza tumo ndani ya nini. Ukizikosea hizo, hata sekunde nne za mvumo hazitakuokoa.

Springi za rivabu, ambazo kampuni ya Fender ilizitia kwenye kisanduku cha wapiga gitaa mwaka 1961, hazina kuta hizo. Ndani yake sauti za juu na za chini haziendi kwa kasi moja, ndiyo maana zinatoa ule mlio wa majimaji. Naupenda sana, lakini nauhesabu kuwa ala, si chumba. Mhandisi wa sauti Bill Putnam alikuwa karibu zaidi na ukweli mwaka 1947 huko Chicago, alipogeuza bafu la studio kuwa chumba cha mwangwi kwa rekodi ya kundi la Harmonicats.

Siku hizi tunaweza kuchukua mvumo wa jengo lenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipasua maputo ndani ya Hagia Sophia, Istanbul, wakarekodi, na kompyuta ikawavika waimbaji wa Cappella Romana, walioko Marekani, mvumo wake wa zaidi ya sekunde 10. Gitaa nalo linaweza kuvikwa hivyohivyo. Hata hivyo rekodi ya namna hiyo inajua pale tu puto lilipopasuliwa na pale kipazasauti kilipowekwa. Mpigaji akisogea hatua mbili, jengo halisogei naye.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu waanze na ucheleweshaji wa mwanzo, yaani muda kabla mvumo haujaanza, wakiamua kwanza ukuta uko mita ngapi. Kisha wapunguze sauti za juu kwenye mvumo, kwa sababu hewa na nguo za hadhira huzifyonza mapema. Kitufe cha urefu wakishike mwisho.