Tusimwandike Buibui Tusiyemwona: Utambuzi na Tiba ya Kung'atwa na Buibui Wenye Sumu



Mtu akiamka na uvimbe mwekundu mkononi, nyumbani huambiwa ni buibui. Akifika zahanati, nasi waganga na wauguzi tunaandika vivyo hivyo kwenye rejesta. Ninachokuja kuwaomba leo ni kwamba tusimwandike buibui ambaye hakuna aliyemwona.

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha habari za nyumba moja ya Lenexa, jimbo la Kansas. Kwa miezi sita zilikusanywa humo loksosele wa kahawia 2,055. Huyu ndiye buibui ambaye sumu yake huozesha ngozi, lakini hakuna mtu wa familia ile aliyeng'atwa. Mwaka mmoja kabla, mjini New York, mtoto wa miezi saba alipata kidonda mkononi, na madaktari wakakidhania cha loksosele, ingawa buibui huyo hana makazi New York. Kumbe kilikuwa kimeta.

Kimeta tunacho hapa kwetu, hasa kwa wafugaji na wachuna ngozi: kidonda kisichouma, kigaga cheusi katikati, uvimbe mkubwa pembeni. Tuna majipu ya stafilokokasi, na tuna mkanda wa jeshi. Halafu yupo Nairobi fly, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aliyetusumbua sana baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Yeye hang'ati wala hachomi. Ukimponda, majimaji yake huunguza. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na malengelenge kwenye kiwiko, ana hakika ni buibui. Nilipomkunja mkono, malengelenge ya juu yalilalia sawasawa na ya chini. Nikamuuliza kama usiku alipangusa kidudu chochote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo, hapa hapa, chini ya taa." Maji, sabuni na krimu ya haidrokotisoni vilitosha.

Sasa tuje kwa buibui mwenyewe. Jamii ya kuogopwa zaidi ni ya buibui mjane. Mjane wa kahawia yupo kwetu: hukaa vyooni, chini ya viti na kwenye marundo ya kuni, ana alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo, na kifuko chake cha mayai kimejaa vijiba kama tunda lenye miiba. Mara nyingi madhara yake ni maumivu ya pale alipong'ata. Ndugu zake weusi, wakiwemo wa kusini mwa Afrika, ni wakali zaidi. Sumu yao hufanya miisho ya neva imwage kemikali zake kwa wingi, na ndiyo maana maumivu hupanda kutoka kwenye jeraha, misuli hukaza, jasho humwagika, shinikizo la damu hupanda na tumbo huwa gumu kama ubao.

Tumbo hilo limewapeleka wagonjwa kwenye upasuaji wasioustahili. Mtazameni mgonjwa kitandani: mwenye utumbo uliotoboka hulala kimya akiogopa kutikiswa, huyu wa buibui hugaagaa. Pepopunda nayo hukaza misuli, ila huja siku kadhaa baada ya jeraha, wakati sumu ya mjane huanza kazi ndani ya saa chache.

Tiba kubwa ni kuondoa maumivu. Osheni jeraha kwa sabuni, wekeni kitambaa cha baridi, toeni parasetamoli, na ikibidi mofini. Diazepamu husaidia misuli, lakini ikiandamana na mofini, hesabuni pumzi za mgonjwa. Kalisiamu tuliyofundishwa zamani haikuonyesha faida. Kinga-sumu ni ya wagonjwa mahututi, na kwa kuwa hutokana na damu ya farasi, adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla ya kuanza. Watoto, wazee na wajawazito wapewe rufaa mapema. Chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Antibayotiki hazihitajiki pasipo usaha au dalili nyingine za maambukizi. Kufunga kamba, kuchanja kwa wembe na jiwe jeusi viachwe kabisa. Vinaongeza kidonda juu ya kidonda.

Mgonjwa akimleta buibui, hata aliyepondeka, mtieni kwenye kichupa chenye spiriti. Asipomleta wala kumwona, naomba rejesta isomeke hivi: "Kidonda, chanzo hakijajulikana," na uchunguzi uendelee.