Fisi Hana Wakili: Wawindaji, Wafugaji na Maoni ya Umma Kuhusu Wanyama Wala Nyama Kaskazini Mashariki

Mada kwa semina ya wafugaji, machifu na maafisa wa wanyamapori, Eldas, Kaunti ya Wajir

Utangulizi

Mbuzi akiuawa usiku katika boma la Eldas, uchunguzi huanza alfajiri na kumalizika kabla ya chai ya pili. Mwenye mifugo huzunguka ua wa miiba akitafuta mahali ulipopenywa, kisha huinamia mzoga. Akiona alama za meno kooni, humshuku duma au chui. Akikuta tumbo limepasuliwa na mbuzi kadhaa wameraruliwa kwa mkupuo mmoja, husema ni mbwa mwitu, ambaye Wasomali humwita yeey. Pakiwa pamebaki kichwa, uchafu wa tumbo na vipande vya mifupa iliyosagwa, hakuna anayeuliza mara mbili. Ni waraabe, yaani fisi.

Hukumu nayo haikawii. Wapo watakaoziba ua na kulaani, wapo watakaokesha na rungu na tochi, na yupo atakayeunyunyizia mzoga ule dawa ya kuulia wadudu na kuuacha porini. Hatua hizo zote hazipiti bungeni, mahakamani wala ofisini kwa Shirika la Wanyamapori (KWS). Hata hivyo, hizo ndizo zinazoamua ni wanyama wala nyama wangapi watabaki Kaskazini Mashariki.

Hoja ya mada hii ni moja. Kwa miaka karibu hamsini Kenya imejadili wanyamapori kana kwamba swali ni kuruhusu au kuzuia bunduki ya mwindaji. Katika nyanda za Wajir na Garissa, swali ni nani anayebeba hasara ya usiku, na sauti yake inasikika wapi.

Kutoka leseni hadi marufuku

Enzi za ukoloni, mwindaji mwenye leseni alikuwa mtu wa heshima. Simba, tembo na nyati walikuwa nyara. Fisi na mbwa mwitu walihesabiwa kuwa waharibifu, na kuwapiga risasi kulionekana kuwa huduma kwa umma. Iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Wajir na Garissa zilikuwamo, ilipata askari wanyamapori mashuhuri kuliko wote, George Adamson, aliyejiunga na Idara ya Wanyama mwaka 1938. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwaua simba waliozoea kula watu na mifugo. Februari 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, na mmoja wa watoto wa simba huyo, Elsa, akaja kuwa simba maarufu duniani. Adamson mwenyewe aliuawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989 huko Kora, ng'ambo ya Mto Tana. Kisa cha Elsa kiliwafundisha mamilioni ya watu Ulaya na Marekani kumpenda simba. Wafugaji waliopoteza ng'ombe zao katika nyanda hizo hizo hawakupata mwandishi wa kueneza habari zao.

Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Marufuku hiyo ilikuja wakati tembo na faru wakimalizwa, na iliungwa mkono na wengi nje ya nchi. Tangu hapo mjadala umefunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Miaka ya 1990 wenye mashamba makubwa, hasa Laikipia, walipewa kwa majaribio ruhusa ya kuvuna idadi maalumu ya wanyama kama pundamilia. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa marekebisho ulioletwa na mbunge G.G. Kariuki, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini baada ya wapinzani kulalamika kwamba ungefungua mlango wa uwindaji. Mwaka 2018 Waziri Najib Balala aliunda jopo la kuchunguza upya suala la kuvuna wanyamapori, na kelele zikaanza tena.

Katika mivutano hiyo, waliopaza sauti zaidi walikuwa wenye mashamba ya Laikipia, mashirika ya Nairobi na wafadhili wa ng'ambo. Mfugaji wa Eldas, Della au Basir alitajwa kama mfano na wasemaji wengine, ila yeye mwenyewe hakusimama kusema.

Kuna kundi jingine ambalo hata kutajwa lilitajwa kwa shida. Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, wameishi kwa uwindaji na asali katika msitu unaogawanywa na kaunti za Garissa na Lamu. Marufuku ya 1977 iliwageuza wahalifu katika msitu wao wenyewe, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikashikilia kwamba kuwinda hata kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa. Mwindaji aliyemjua kila mnyama kwa nyayo zake angeweza kuwa mlinzi bora wa msitu, lakini hakuulizwa.

Hirola mahakamani

Anayedhani kwamba watu wa Kaskazini Mashariki hawajali wanyamapori na aisome kesi ya hirola.

Hirola ni swala mwenye madoa meupe kuzunguka macho. Hapatikani kiasili popote duniani isipokuwa mpakani mwa Kenya na Somalia, na jina lake la kisayansi limetokana na mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya elfu kumi. Maradhi ya sotoka, ukame, ujangili na kubadilika kwa malisho viliwapukutisha. Sensa ya kitaifa ya 2021 iliwahesabu 497 tu.

Mwaka 1996 KWS iliamua kuwahamisha baadhi yao kutoka Garissa kwenda Tsavo Mashariki kwa nia ya kuwanusuru. Wenyeji wakaenda Mahakama Kuu. Walidai kwamba mnyama huyo ni urithi wa ardhi yao, na kwamba shirika limepewa kazi ya kuwahifadhi wanyama mahali wanapoishi. Mahakama ikatoa amri ya kuzuia uhamisho. Wafugaji ambao kwa miaka mingi walichukuliwa kuwa adui wa wanyamapori walishinda kesi ya kutaka mnyama abaki kwao.

Matunda ya msimamo huo yako Ijara, Kaunti ya Garissa. Jamii ya huko ilianzisha hifadhi yake, Ishaqbini, na mwaka 2012 ikajengwa sehemu yenye uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, wakaingizwa hirola 48. Katika miaka michache waliongezeka zaidi ya mara mbili. Takwimu hiyo ina somo kwa semina hii. Mfugaji anayemlinda mbuzi dhidi ya fisi na mhifadhi anayemlinda hirola dhidi ya simba wametumia dawa ile ile, nayo ni uzio mzuri.

Ishaqbini pia ilionja uchungu. Machi 2020 ilitangazwa kwamba majangili walikuwa wamemuua twiga jike mweupe na mtoto wake, wanyama waliojulikana dunia nzima. Habari zilienea kuanzia Nairobi hadi New York, na Novemba mwaka huo twiga mweupe dume aliyebaki alifungwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake. Twiga mrembo ana mawakili kila bara. Fisi, anayekula mizoga na kuwapunguzia watu maradhi, hana hata mmoja.

Kutetewa kwake si jambo lisilowezekana. Harar, upande wa pili wa mpaka wa Ethiopia, wanaume huwalisha fisi nyama nje ya kuta za mji kila jioni, na watu huja kutazama. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni makubaliano kati yake na wenyeji.

Wanaopiga kura na wanaolala na mifugo

Mzozo huu si wa Afrika pekee. Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliamua kwa asilimia 50.9 kwamba mbwa mwitu wa kijivu (si yeey wa hapa) warudishwe katika milima ya magharibi. Kura nyingi za ndiyo zilitoka mijini, huku kaunti nyingi za wafugaji, ambako wanyama wangeachiwa, zikipinga. Desemba 2023 mbwa mwitu kumi waliachiliwa, na serikali ya jimbo ikaweka fidia ya hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja wa kufugwa. Wisconsin mambo yalikwenda kinyume. Februari 2021 msimu wa uwindaji ulifunguliwa kwa haraka, na kwa chini ya siku tatu wawindaji waliua mbwa mwitu 218, wakati mgao wao ulikuwa 119.

Ulaya nako, Septemba 2022 mbwa mwitu alimuua farasi mdogo aitwaye Dolly nchini Ujerumani. Mwenye farasi alikuwa Ursula von der Leyen, Rais wa Tume ya Ulaya. Miaka miwili baadaye, nchi wanachama wa Mkataba wa Bern wa kuhifadhi wanyamapori ziliamua kumpunguzia mbwa mwitu ulinzi. Si haki kusema kwamba Dolly peke yake ndiye aliyebadili sheria, kwani wafugaji wa kondoo walikuwa wamelalamika miaka mingi. Lakini mfugaji wa Eldas atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni ngamia wangapi wa Wajir wanaotosha farasi mmoja wa Ujerumani.

Sheria nzuri, karatasi nzito

Kenya iliondoa fidia ya mifugo na mazao mwaka 1989. Sheria ya 2013 iliirudisha, na ikapandisha fidia ya kifo cha binadamu hadi shilingi milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, na majeraha mengine hadi milioni 2. Mifugo hulipwa kwa bei ya soko. Sheria hiyo pia inamnyima fidia aliyeshindwa kuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake. Madai huanza kwa kuthibitishwa na kamati ya kaunti.

Kwenye karatasi, hakuna ubaya. Tatizo ni mzoga. Ushahidi wa mbuzi aliyeliwa na fisi haukai siku mbili. Tai, mbweha na jua huumaliza kabla afisa hajafika kutoka Wajir mjini, na mwenye kambi ya ngamia iliyohamia mbali hawezi kuacha kundi ili afuate fomu. Madai yanayokubaliwa hurundikana kwa miaka, na malimbikizo ya nchi nzima yamefikia mabilioni ya shilingi. Ukame wa 2020 hadi 2023, uliokausha misimu mitano ya mvua mfululizo, ulizidisha maumivu. Picha ya mizoga ya twiga sita nje ya kijiji cha Eyrib, Wajir, iliyopigwa Desemba 2021, ilizunguka dunia. Aliyebaki na mbuzi kumi baada ya ukame huo hawezi kumchukulia fisi kama aliyekuwa na mia.

Hapo ndipo sumu inapoingia. Ni rahisi, haina mlio, na haihitaji leseni. Lakini mzoga wenye sumu huua fisi mmoja pamoja na tai, mbweha na mbwa wa mwenye boma. Furadan, dawa ya wadudu iliyotumiwa sana kuulia simba nchini, iliondolewa madukani na watengenezaji wake mwaka 2009, lakini dawa nyingine zipo. Mbwa mwitu, waliohesabiwa 865 nchi nzima katika sensa ya 2021, hawawezi kuvumilia mwendo huo.

Mapendekezo

La kwanza ni boma. Utafiti uliofanywa Laikipia ulionyesha kwamba ua mzito, mbwa wanaobweka na wachungaji walio macho hupunguza sana mashambulizi. Matawi ya migunga yaliyokauka na kulegea ni mlango kwa fisi. Serikali ya kaunti inayonunua chakula cha msaada cha mifugo wakati wa ukame inaweza pia kununua waya na taa.

La pili ni ushahidi. Kila kata ya Eldas iwe na skauti wa jamii aliyefundishwa kusoma mzoga na nyayo, apige picha kwa simu na kuituma siku hiyo hiyo. Neno lake, likithibitishwa na chifu, likubaliwe na kamati. Fisi milia, ambaye hula mizoga zaidi kuliko kuwinda, atapona lawama nyingi zisizo zake.

La tatu ni mizoga na mbwa. Vichinjio na majaa ya taka yasiyo na uzio huwafuga fisi kando ya miji. Mbwa wasiochanjwa nao hueneza kichaa na homa ya mbwa. Homa hiyo iliwateketeza mbwa mwitu wa Laikipia mwaka 2017, na mwaka 2003 kichaa kiliwaua mbwa mwitu adimu wengi wa milima ya Bale, Ethiopia. Chanjo ya mbwa wa boma humlinda mtoto wa mfugaji kwanza, na mnyama wa porini baadaye.

La nne ni mikutano. Katiba inadai ushirikishwaji wa umma, lakini kikao cha siku moja katika hoteli ya Wajir hakimfikii mama anayechunga mbuzi wala kijana wa kambi ya ngamia. Mabaraza yafanyike visimani na kwenye malambo, wakati wa kunywesha, kwa Kisomali na Kiswahili. Ijara nako, Waaweer wapewe nafasi ya kwanza katika ajira ya ulinzi wa msitu wao.

Semina hii inaiomba kamati ya fidia ya Kaunti ya Wajir ianze na jambo moja lisilohitaji bajeti mpya. Katika baraza lijalo la Eldas, isome hadharani orodha ya madai yote ya eneo hili, yaliyopokelewa, yaliyolipwa, na yaliyokataliwa pamoja na sababu zake.