Watoto Wanaoombeshwa Njiani, na Sheria Isemavyo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Leo tumepewa nafasi ya kusema habari isiyo ya mishahara wala saa za kazi. Wengine watauliza, chama cha wafanyakazi kinaingiaje katika mambo ya ombaomba? Jibu letu ni hili. Mtoto anayeketishwa kando ya barabara tangu alfajiri, na usiku mtu mwingine akaja kuzichukua fedha zote, huyo anafanya kazi. Hana mshahara, hana siku ya kupumzika, na akirudi na kidogo hupigwa au hulala na njaa.

Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1930, wasema kwamba kazi ya kulazimishwa ni ile mtu anayotozwa kwa kutishiwa adhabu, naye hakujitolea kwa hiari yake. Kenya iliukubali mwaka 1964, mara baada ya Uhuru. Tena uko Mkataba wa 182 wa mwaka 1999, juu ya kazi mbaya kabisa za watoto, nao tuliukubali mwaka 2001. Mwaka 2020 mkataba huo ulikuwa wa kwanza kukubaliwa na nchi zote zilizo katika Shirika hilo. Katika mikutano ile wajumbe wa wafanyakazi hupiga kura pamoja na serikali na waajiri. Kwa hiyo jambo hili ni letu tangu zamani.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1930, wakati wa wakoloni. Kifungu chake cha 182 kilimhesabu mtu anayemfanya mwingine aombe kuwa mzururaji tu. Adhabu ya kosa la kwanza iliandikwa kuwa kifungo cha mwezi mmoja, au faini isiyozidi shilingi 100, au vyote viwili. Shilingi 100, ndugu zangu! Mtoto mmoja aliyekaa mahali penye watu aweza kumletea tajiri wake hizo kabla ya chai ya saa nne. Faini ya namna hiyo haimtishi mtu. Ni kama kulipa ushuru wa soko.

Lakini mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu. Hii ndiyo tunayotaka kila mwanachama aijue. Anayemtafuta mtu, anayemsafirisha, anayempokea au anayemweka nyumbani ili kumnyonya, adhabu yake si chini ya miaka 30 gerezani, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Na kazi ya kulazimishwa, pamoja na kazi ya watoto, zimetajwa humo kuwa unyonyaji. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, haihitajiwi kuthibitisha kwamba alidanganywa au alishikwa kwa nguvu. Hata akisema, “Nilikuja mwenyewe,” neno hilo halimwokoi aliyemleta. Mwenye nyumba anayekodisha chumba huku akijua kinatumiwa kwa kazi hiyo, naye ana kosa lake.

Tazameni basi tofauti. Tendo ni lile lile, na mshtaki akichagua kifungu cha zamani, mkosaji hurudi barabarani upesi. Ndiyo maana twasema yafaa wananchi waulize: huyu ameshtakiwa kwa sheria gani?

Mwezi wa Juni mwaka 2022 BBC ilitangaza habari za watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania wakaletwa Nairobi kuombeshwa. Wazazi wengine walikuwa wameahidiwa kwamba mtoto atapata maisha mema. Mtoto wa namna hiyo huogopa polisi kuliko anavyomwogopa tajiri wake, kwa kuwa hana karatasi. Lakini sheria ya 2010 yasema aliyesafirishwa hivyo hashtakiwi kwa kuwa nchini bila ruhusa. Tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, mtoto anayekutwa akiomba huhesabiwa kuwa anahitaji kutunzwa na kulindwa. Hastahili kutupwa ndani ya lori pamoja na wezi.

Tunajua pia yuko mama mwenye njaa anayeomba akiwa na mwanawe mgongoni. Huyu si tajiri wa mtu, na kumfunga ni kumwongezea mtoto taabu. Tofauti ni nani anayezila zile fedha.

Msidhani sheria kali yatosha peke yake. Kule Senegal, nchi ya wenzetu wa reli ya Dakar–Niger waliogoma tangu Oktoba 1947 hata Machi 1948, iko sheria ya mwaka 2005 inayomfunga miaka 2 hadi 5 mtu anayewaombesha wengine kwa faida yake. Walimu wengi wa Kurani huko huwatunza watoto vizuri, lakini wako waliowatuma mitaani kwa kiasi cha fedha cha kila siku. Mwaka 2010 wachache walihukumiwa, kisha mambo yakapoa. Machi 2013 moto uliunguza nyumba moja mtaa wa Médina, Dakar, wakafa watoto wasiopungua 8. Sheria ilikuwapo miaka minane.

Basi sisi watu wa reli tunaona wasafiri wengi. Mtu mzima mwenye watoto watatu wasiofanana, wasiojua hata jina lake, hilo si jambo la kupita. Asipigwe, wala watu wasiitwe kwa kelele, maana wenzake watawahamisha watoto wengine usiku ule ule. Andika saa, behewa, na stesheni walikopandia na wanakoshuka. Mwarifu mkuu wa zamu na polisi, au piga simu 116, ambayo ni ya watoto na haina malipo.

Tunaomba mkutano ukubali mambo mawili: kila zamu iwe na mtu mmoja aliyesomeshwa vifungu hivi, na tawi liandike barua kwa ofisi ya watoto ya wilaya kuuliza mtoto akiokolewa usiku atalala wapi. Nakala ya vifungu iko kwa Katibu. Anayetaka kuisoma amwone baada ya zamu.