TENDA ZA HOSPITALI NI JAMBO LA MFANYI KAZI PIA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo nataka kueleza jinsi Serikali na kaunti zinavyonunua vifaa vya hospitali. Wengi hudhani hayo ni mambo ya wakubwa. Sivyo. Glavu zikikosekana wodini, wa kwanza kuhatarishwa ni muuguzi na mfagiaji. Kaunti isipomlipa mwenye kuuza mali, wa kwanza kuambiwa "ngojea mshahara" ni dereva na mpakizi wake.

Katiba ya 2010, kifungu cha 227, yataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, mashindano na bei nafuu. Sheria ya ununuzi ya 2015 ndiyo yaeleza njia zenyewe. Njia moja, katika fungu la 114, ni mkataba mkuu.

Mkataba huo hufanywaje? Hospitali haiwezi kujua mapema itatumia glavu ngapi kwa mwaka. Basi hutangaza tenda mara moja, na wauzaji wanaofaa huandikwa, wasiopungua saba kwa kila aina ya mali. Mkataba hauzidi miaka 3, na ukipita mwaka 1, lazima kila mwaka ipimwe kama pesa za umma zinaleta faida. Mali ikihitajika, hospitali hutoa hati ya kuagiza, ama huwashindanisha tena wale walioandikwa.

Faida kwa mnunuzi ni kwamba hatangazi tenda mpya kila glavu zinapokwisha. Faida kwa muuzaji ni kwamba mlango umekwisha funguliwa. Tena sheria hiyo imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Anayeona ameonewa katika tenda ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufani.

Lakini sikilizeni vizuri: kuandikwa katika mkataba mkuu si kuagizwa mali. Muuzaji aweza kukaa mwaka mzima asipate hati hata moja. Mwajiri akikuambia, "Tumepata tenda, kazi ni tele," muulize: hati ya kuagiza iko wapi?

Na hati ikija, mali ikapokelewa, pesa zaweza kukawia. Sheria yakataza kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zipo, hata hivyo madeni ya kaunti kwa wauzaji yamekuwa kilio cha miaka mingi. Hapo ndipo mwajiri husema hana la kufanya. Analo. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema mshahara wa mwezi hulipwa mwisho wa mwezi. Haisemi "kaunti ikilipa." Deni la kaunti ni la mwajiri kudai, jasho lako si mkopo wa kumpa.

Basi tufanye mambo matatu. Wanachama wa hospitali, andikeni tarehe kifaa kilipokwisha, kilipoombwa na kilipofika, mkampe mwakilishi wenu. Wanachama wa maghala na magari, msikubali kuweka sahihi kwamba mali imepokelewa kamili ikiwa haikukamilika. Na matawi yote, katika mapatano na waajiri, tutie neno hili: mshahara haungojei malipo ya tenda.

Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe hizo mtakazoandika ndizo zitakazosema kwa niaba yetu mezani.